Doa Lililofifia

Kwa miaka mitatu mkwe wangu alimwamkia mke wangu akiwa amempa mgongo. Alisimama nje ya mlango wa nyumba yetu hapa Tunduma, uso ameuelekeza kwenye foleni ya malori, akapaza sauti: "Shikamoo mama!"

"Marahaba baba," mke wangu alijibu kutoka ndani. "Hamjambo huko Itumba?"

"Hatujambo, mama. Baridi tu."

Kisha mimi nilitoka na kiti, tukakaa naye kibarazani, na binti yangu akaingia ndani kwa mama yake. Chakula chake kililetwa nje. Maji yake yaliletwa nje. Mke wangu alipotaka kwenda uani alikohoa kwanza, ili kijana ainamishe kichwa.

Kwetu sisi tuliotoka Msangano hiyo ni heshima. Mwanaume aliyeoa hamtazami mama mkwe wake wala kukaa naye chumba kimoja, mpaka siku mama huyo atakapopika na kumwekea tonge la kwanza mkononi. Tunaiita siku ya kumlisha mkwe. Baada ya hapo anakuwa mtoto wa nyumbani, anaingia na kutoka atakavyo. Siku hizi familia nyingi humaliza jambo hilo ndani ya mwaka wa kwanza, na nyingine zimeliacha kabisa. Anayepanga siku ni baba mkwe. Mimi sikuipanga, na sababu niliijua mwenyewe: nilikuwa namkomoa.

Kosa lake lilikuwa hili. Yeye ni Mndali wa milima ya Ileje, tabibu wa zahanati. Alikutana na binti yangu chuoni, na kabla barua ya posa haijanifikia, habari za uchumba wao nilishazisikia kwa muuza nyanya sokoni. Nilijiona nimedharauliwa. Posa niliipokea, harusi ya kanisani nilihudhuria nikiwa na suti, lakini hiyo siku ya kumlisha niliiweka mfukoni. Kwao Wandali mwenye kujificha ni mke wa mtoto wa kiume, anamkwepa baba mkwe wake. Haya yetu yalikuwa mageni kwake. Aliyashika bila kulalamika, na utulivu wake ulinikera zaidi.

"Atalishwa nikiridhika," nilimwambia mke wangu.

"Utaridhika lini, wewe mwanaume? Mtoto wa watu shingo itapinda."

Mimi nilikuwa karani wa ghala la mahindi mpaka nilipostaafu. Mke wangu alikuwa mkulima. Kila msimu alishuka Msangano kwenye majaruba yetu ya mpunga, akaingia matopeni peku, akarudi Tunduma na magunia na miguu iliyopasuka. Ndiyo maana doa jeusi lilipotokea kwenye kisigino chake cha kulia, wote wawili tulisema ni mwiba. Lilikuwa dogo kama punje ya choroko. Nilichukua sindano, nikaipitisha kwenye moto, nikachokonoa. Mwiba sikuuona. Nikasema umezama.

Baada ya miezi kadhaa lilikuwa kubwa kama harage, kingo zake hazina mpangilio, kama wino uliodondokea kwenye karatasi mbovu. Halikumuuma. Angeumwa, pengine tungekuwa na akili zaidi.

Binti yangu aliliona mama yake alipokuwa ananawa miguu. Hakusema kitu kwetu. Alimwambia mumewe, na wiki iliyofuata kijana akafika naye kutoka Itumba bila taarifa. Tulipokwisha kuamkiana, aliweka kikombe chini.

"Baba, naomba uniruhusu niuone mguu wa mama."

"Unasemaje?"

"Mguu tu, baba. Kisigino. Ajifunike kanga mwili mzima, mimi nitazame kisigino peke yake."

"Kwenu mnatazama miguu ya mama wakwe?"

"Kwetu zahanati, baba, natazama miguu ya kila mtu."

Nilimwambia nyumba yangu si zahanati. Binti yangu akatoka ndani, amekwishakasirika. "Basi nitapiga picha kwa simu, baba. Ataangalia simu, hataangalia mama."

"Picha ya mguu ni mguu," nilisema.

Mke wangu akacheka huko ndani. "Hivi aibu yangu imehamia kisiginoni? Mbona wauza dagaa wote wa soko hili wamekiona? Au wao nao ni wakwe zako?"

Alitania hivyo, lakini hakutoka. Tulikuwa tumeoana miaka thelathini na nane, na katika miaka hiyo nilipokataa jambo mbele ya watu hakuwahi kulipindua mbele ya watu. Nami nililijua hilo, nikalitumia.

Kijana hakubishana. Alimpa binti yangu kipande cha uzi akapime upana wa doa. Akauliza rangi yake, akauliza kama kingo zimenyooka, akauliza kama limekua. Alipopata majibu akaniambia kwamba doa jeusi linalokua kwenye unyayo haliachwi. Lazima likatwe kipande, kikapimwe Mbeya. Akasema hata neno lenyewe, saratani, kwa sauti ya chini, mama asisikie. Nilimwambia tutaenda tukishavuna. Akaniomba tusisubiri mavuno. Nikamwambia amesikika.

Namshukuru Mungu kwamba walau hilo lilinitia hofu. Tulipanga kwenda Mbeya Jumatatu moja baada ya mavuno. Wakati tukisubiri, nilimpaka mke wangu mafuta ya nyonyo niliyoyachemsha na majani ambayo mama yangu alitumia kwa vidonda. Kila asubuhi niliuweka mguu wake pajani, nikasugua. Siwezi kusema sikumpenda. Nilimpenda, na nilimsugua.

Siku chache kabla ya ile Jumatatu, niliona doa limebadilika. Upande wa ndani, unaoelekea kwenye wayo, weusi ulikuwa umeondoka. Pamebaki rangi ya majivu, karibu nyeupe. Nilimwita aje mwangani.

"Linaisha!"

"Lete kioo," akasema. Nilimletea kioo changu cha kunyolea, akajitazama kisigino kwa muda. "Kweli limepungua. Lakini huku nje bado."

"Huku nje nako kutafuata. Dawa imeingia."

Wiki hiyohiyo akatokwa na mtoki, ile tezi ya kwenye nena inayovimba mtu akiwa na kidonda mguuni. Huo nao niliufurahia. Kila mtu aliyekulia shambani anajua kwamba mtoki ni dalili ya mwili kupambana. Nikamkanda kwa chumvi iliyopashwa moto kwenye kitambaa. Safari ya Mbeya nikaifuta. Jumapili nikasimama kanisani, katika muda wa shukrani, nikatoa ushuhuda kwamba mke wangu amepona doa. Watu wakapiga makofi. Nilimpigia simu mkwe wangu nikamwambia, kwa majivuno ambayo mpaka leo yananichoma: "Lile jambo lako la kukata nyama limekwisha. Doa linafifia."

Hakunipongeza.

"Linafifia upande mmoja au lote, baba?"

"Upande mmoja, na mwingine uko njiani."

"Baba, tafadhali, mpeleke."

"Wewe tabibu unataka watu waumwe," nikamwambia, nikakata.

Mtoki haukunywea. Ulikuwa mgumu kama kokwa, halafu ukaota mwenzake kando yake. Upande wa doa uliobaki mweusi ukavimba, ukapasuka, ukawa unatoa majimaji. Mke wangu akaanza kuchechemea, kisha kukohoa. Nilipomuuliza anajisikiaje alisema, "Endelea kutoa ushuhuda." Hakuwa anatania tena.

Alifanya uamuzi peke yake. Siku moja mchana nilitoka sokoni nikakuta pikipiki ya mkwe wangu nje, na kibarazani hakuna mtu. Niliwasikia wote ndani. Niliingia nikamkuta kijana amekaa kwenye mkeka sebuleni, mbele yake sahani ya wali wa Msangano na kuku. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kochi, uso wazi, anamtazama. Tonge la kwanza alikwishampa; wali ulikuwa bado mkononi mwa kijana, hajaupeleka mdomoni, machozi yanamtoka.

"Kula, baba," mke wangu alimwambia. "Nimekupikia mwenyewe. Huyu mzee wako asingeridhika mpaka mimi nife."

Kijana akala. Alipomeza, mke wangu akanyoosha mguu, akauweka juu ya mkeka.

"Haya. Sasa wewe ni mtoto wangu. Tazama."

Mimi nilisimama mlangoni na mfuko wa nyanya. Hakuna aliyeniambia nikae.

Aliushika mguu ule kwa mikono miwili. Alitazama upande uliovimba, lakini upande uliofifia ndio alioutazama kwa muda mrefu zaidi. Akauliza ulianza lini kufifia. Akaomba ruhusa, akagusa mtoki kwa vidole viwili juu ya kanga. Kisha akasema tuondoke leo.

Huko Mbeya walikata kipande, wakatoa na tezi moja, wakapiga picha ya kifua. Majibu yalipotoka, daktari alituambia kwa upole kwamba ni saratani inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Kwamba imefika kwenye tezi, na imefika mapafuni. Mke wangu aliuliza swali moja tu, kama ataweza kupanda mpunga msimu ujao. Daktari akasema hadhani.

Mimi swali langu sikuweza kuliuliza mbele yake. Nilitoka na mkwe wangu, tukakaa kwenye benchi la nje ya wodi, mahali ndugu wanapoanika nguo za wagonjwa.

"Niambie," nikasema. "Lilififia. Nililiona kwa macho yangu. Lilififiaje kama ni saratani?"

"Baba, kule ghalani, ulijuaje gunia lina mahindi mabovu bila kulifungua?"

"Kwa bambo." Bambo ni kile chuma chenye ncha na mfereji, unakichoma ubavuni mwa gunia, punje zinateremka mkononi. Nilikishika kwa miaka ishirini na sita.

"Sasa mwili hauhitaji bambo. Kila seli inatoa punje zake yenyewe. Inachukua vipande vidogo vya vitu inavyotengeneza ndani, inavitoa nje, inavionyesha kwenye ngozi yake. Seli nyeupe za damu zinapita zikikagua, moja baada ya nyingine. Zikikuta punje za kawaida, zinapita. Zikikuta za ajabu, zinaiua seli hiyo palepale."

"Na saratani ina punje za ajabu."

"Mara nyingi. Shida ni kwamba saratani si mgeni kama mdudu wa malaria. Ni seli ya mama mwenyewe iliyoharibika, imekataa kuacha kuzaana. Ni gunia la ghala lako hilohilo, lina chapa yako. Kwa hiyo askari, yaani zile seli nyeupe, wanaanza wakiwa na mashaka. Kuna seli nyingine kazi yake ni kuokota mabaki ya zile zilizokufa na kuyapeleka kwenye tezi. Huko kwenye tezi ndiko askari wanakoonyeshwa: mkimkuta mwenye punje kama hizi, ni adui. Anayezitambua anazaliana, wanakuwa wengi, wanatumwa mguuni."

"Mtoki."

"Mtoki. Huenda mwanzoni ulivimba kwa kazi hiyo. Lakini sasa daktari amekuta saratani yenyewe imo. Njia ileile inayopeleka habari kwenye tezi, ndiyo uliyopitia ugonjwa."

Nikamuuliza kama ni kwa sababu nilimkanda. Alitikisa kichwa. "Hapana, baba. Si kukanda. Ni muda."

Mama mmoja alikuja kugeuza shuka lake kwenye kamba, akaondoka.

"Na pale palipofifia?"

"Lile doa lilikuwa jeusi kwa sababu seli zake ni za rangi. Askari walipozifikia upande ule wakaziua, na rangi ikaondoka nazo. Hayakuwa majani ya bibi, baba, nisamehe. Pale mwili wa mama ulishinda. Upande ule tu."

"Kwa nini haukumalizia?"

Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko sala zangu. Alisema seli za saratani hazifanani zote. Zile zilizoonyesha punje zao waziwazi zilikamatwa. Zikabaki zilizojifunza kuficha, ambazo hazionyeshi kitu chochote. Mwili unao walinzi wengine wa kushuku hata anayekataa kukaguliwa, lakini hawatoshi daima. Tena zikabaki nyingine zenye hila mbaya zaidi. Askari wa mwili wana breki, alisema, waliyoumbwa nayo ili wasije wakala mwili mzima wakati wa vita. Seli hizo zinawakanyagia breki. Askari wanafika, wanagusa, wanatulizwa, wanasimama tu hapo wakiwa wamechoka. Na kwa kuwa wenzao dhaifu wameshauawa, hizo hodari ndizo zinazoachiwa nafasi ya kuzaa.

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Wapo wafanyabiashara waliokuwa wanajaza mahindi safi pembeni mwa gunia na mabovu katikati, kwa kuwa wanajua bambo linachoma ubavu. Nilipowakamata wale wajinga, waliobaki wakawa wanazidi kuwa mahodari mwaka hadi mwaka. Niliwajua mmoja mmoja. Nilijivunia kwamba halitanipita gunia.

"Hakuna dawa ya hiyo breki?" nikamuuliza.

"Zipo, za kuiachia ili askari waamke. Si rahisi kuzipata. Na daktari anasema aina hii ya nyayoni haizisikii sana, hata kwa wanaozipata mapema."

"Mapema," nikasema.

Akainuka, akarudi wodini.

Jioni mke wangu alitaka kujua tulichokuwa tunazungumza kwa muda wote ule. Sikuweza kumficha, nilikaa kitandani kwake nikamweleza yote, bambo na breki, mpaka pale palipofifia. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Kwa hiyo nilikuwa napigana," akasema.

"Ulikuwa unapigana."

"Napigana mwenyewe, mwili umeshika upande mmoja, unasubiri msaada. Na mwenzangu uko kanisani unashukuru."

Nilisema nisamehe. Alifumbua macho, akanitazama kwa muda, akasema yeye pia alijitazama kwenye kioo na akapenda kuamini. Lakini akasema, na nayaandika kama alivyoyasema: "Mimi nilikuamini wewe. Wewe ulijiamini mwenyewe. Si sawa."

Walimkata sehemu ya kisigino ili kidonda kisimtese, tukarudi nyumbani. Aliishi miezi saba. Katika miezi hiyo mkwe wangu alikuja kila mwisho wa juma, akaingia moja kwa moja mpaka chumbani, akamsafisha kidonda. Nilizoea kuwasikia wakicheka. Mke wangu alimfundisha lugha yetu, Kinyamwanga, na kijana alikosea kwa makusudi ili amsikie akimkaripia. Siku nyingine nilisimama nje ya dirisha la chumba cha mke wangu mwenyewe, kwenye kibaraza nilichomkalisha kijana yule miaka mitatu, nikahesabu mara ngapi katika miaka hiyo ningeweza kusema tu, haya, mpikie. Ilikuwa kila Jumapili waliyokuja kututembelea. Ilihitaji kuku mmoja.

Alifariki asubuhi, mvua za kwanza zikiwa zimeanza. Tulimzika Msangano.

Mpunga wake ulipandwa na wanawake wa jirani na mwezi wa sita tukaenda kuvuna, mimi, binti yangu na mumewe. Siku ya pili, binti yangu alipokwenda kuchota maji, tulibaki wawili kwenye turubai lililojaa mpunga. Nilikuwa nimelibeba swali hilo tangu Mbeya.

"Mkwe," nikamwambia. "Siku ile uliyokuja bila taarifa. Ningekuruhusu, ukauona mguu. Angepona?"

Aliendelea kupepeta kwa muda. Angeweza kuniambia ni mipango ya Mungu. Watu wengi waliniambia hivyo msibani, na niliwaitikia. Angeweza kusema hakuna ajuaye.

"Siwezi kuapa, baba," akasema. "Ugonjwa ule unaweza kukimbia hata ukiwa mdogo. Lakini siku ile doa lilikuwa bado dogo, na mtoki ulikuwa haujatoka." Akaweka ungo chini. "Ndiyo. Nafikiri angepona."

"Asante," nikasema. Neno hilo lilikuwa la kweli. Wote walionizunguka walikuwa wananisaidia kusahau, na huyu niliyemkomoa ndiye pekee aliyeniheshimu kwa kuniambia.

Alinitazama miguuni. Nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi, soksi nzito, katikati ya joto la Msangano.

"Baba, wewe nyayo zako umezitazama lini?"

Nilimwambia sijui. Sikumbuki kama nimewahi.

"Basi kaa hapo."

Nilikaa juu ya gunia, nikaanza kufungua kamba.